Sauti Chini ya Hadithi ya Kobe

Tak.

Kitufe cha redio kaseti kiliruka juu, kama kirukavyo kanda inapofika mwisho. Fundi Meno alinyoosha mkono gizani aigeuze kanda upande wa pili, jambo alilolifanya nusu usingizini tangu akiwa na miaka tisa. Kidole kikaingia mahali patupu. Kanda haikuwamo. Ilikuwa sebuleni, mezani, alikoiacha jioni baada ya kuifuta vumbi kwa pamba.

Akajiambia ni uchovu. Kutwa nzima alikuwa amechonga meno ya nta kwa wazee watatu, na mtu anayeinamia vinywa vya wenzake tangu asubuhi ana haki ya kusikia vitu. Akavuta shuka. Lakini bila kanda ile usingizi haukumjua.

Ilikuwa hadithi ya kobe aliyetumwa kupeleka barua. Kila mlango aliobisha, mwenye barua alikuwa ameshahama, na katika kila mlango wenyeji walimtandikia kitanda wakamwambia, "Lala, kobe, barua haiozi." Msomaji alikuwa mwanamume wa sauti nzito, asiye na haraka, na kabla ya kufunua ukurasa alivuta pumzi ndogo puani. Fundi aliijua kila pumzi. Wenzake walikuwa na vitabu vya kusikiliza kwenye simu, mamia kwa mamia. Yeye alikuwa na kimoja. Alikisikiliza usiku wa kuamkia mtihani, usiku wa kuamkia harusi, na usiku wa talaka.

"Niliposa mmoja nikaletewa wawili," mumewe alizoea kulalamika. "Wewe na kobe." Mume alipoondoka, kobe alibaki.

Nyumbani alibaki pia na mama yake, na jina moja lisilotajwa.

Lilikuwa jina la mdogo wake wa kike, aliyefariki kwa kifua akiwa na miaka mitano. Wiki ile ya mazishi mama alisimama katikati ya sebule akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga duka, "Jina lile lisitajwe humu ndani." Halikutajwa. Jirani mmoja alikuwa na binti wa jina hilohilo, naye akajifunza kumwita mwanawe kwa kumpungia mkono.

Usiku wa pili kanda ilikuwamo. Msomaji alifika mlango wa tatu, akavuta pumzi yake, na nyuma ya pumzi ile ikavutwa nyingine, fupi, yenye mkoromo wa kifua. Fundi akaketi kitandani. Usiku wa tatu, pale palipopaswa kuwa kimya kati ya mlango na mlango, mtu alicheka, kicheko cha mtoto aliyeficha kitu mgongoni, na chumba kizima kikanuka dawa ya kikohozi, ile tamu, nyekundu, ya kijiko.

Usiku wa nne hakuwasha kitu. Alichomoa waya ukutani, akaitia kanda ndani ya soksi, soksi akaifungia kabatini, akalala uso ukutani, na bado Msomaji akaanza, taratibu, bila mashine, kutoka mahali fulani baina ya kabati na kitanda, akasoma mlango wa kwanza na wa pili kama kawaida yake, kisha sauti yake ikaanza kupwaya, ikawa nyembamba, ikapanda, ikazidi kupanda kama maji yanayojaa chupani, hata alipofika pale wenyeji wanapomtandikia kobe kitanda, aliyesema hakuwa mwanamume tena bali mtoto wa miaka mitano, na mtoto huyo hakusema lala.

Alisema, "Nimeshalala vya kutosha."

Fundi alitaka kupiga kelele. Koo likatoa hewa tu. Alipogeuka, mlangoni palikuwa na mtu. Mama yake alikuwa amesimama na gauni la kulalia, bila miwani, bila fimbo, mkono mmoja ukutani.

"Mama," Fundi alinong'ona, "umesikia?"

"Ongeza sauti kidogo."

"Mama, hakuna kilichowashwa."

"Basi nyamaza wewe, nisikie."

Tangu hapo mama alilala mchana na kukesha usiku. Alileta kiti chake kutoka jikoni, akakiweka karibu na ile redio isiyo na umeme, akaketi mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kila usiku sauti ya mtoto ilinenepa. Iliimba, ilihesabu, iliomba maji. Na kila asubuhi sauti ya Fundi ilikonda, mpaka wiki ya pili ilipoisha hakuwa na kitu ila mnong'ono.

Karakana ya meno ilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu za vinywa vya jasi nyeupe, taya juu ya taya, kila kimoja na namba ya mteja wake. Mng'arishaji wa meno, waliyemwita Shemeji ingawa hakuoa kwa mtu yeyote pale, aliona ni neema.

"Humu ndani mna vinywa mia mbili," alisema, "na kinachoongea ni changu peke yake. Mungu hamtupi mja wake."

Fundi hakutabasamu. Alikuwa akitazama rafu ya chini. Katikati ya mataya aliyoyamimina jana palikuwa na taya moja dogo ambalo hakulimimina yeye, wala halikuwa na namba. Meno yalikuwa ya utoto. Alikuwa bado akiyahesabu mlango ulipofunguliwa.

Aliyeingia alikuwa bibi mmoja mfupi, mganga wa mtaa wa pili, amebeba meno yake ndani ya leso.

"Yananing'ata," alisema, midomo imebonyea ndani. "Nilikuja nitengenezewe meno ya kutafunia, siyo ya kunitafuna."

Fundi akanong'ona kwamba atayapunguza ukingo.

"Sauti yako iko wapi, mwanangu?"

"Mafua, bibi."

"Mafua hayanuki dawa ya mtoto." Bibi akalitazama lile taya dogo, akaondoa macho haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe. Akamsubiri Shemeji atoke kwenda kuchota maji. "Kwenu kuna nani asiyetajwa?"

Basi Fundi akamweleza, huku akiyasugua yale meno, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Baada ya mazishi alikuwa halali. Mwalimu jirani akamwazima kanda ya kobe kwa siku saba, na kwa siku saba akalala. Siku ya kuirudisha ilipokaribia alitaka nakala yake, na kanda pekee iliyokuwamo nyumbani ni ile ya mama, yenye sauti ya mdogo wake akiimba na kuhesabu. Mama alikuwa ameivunja kijino cha nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Yeye akaliziba tundu kwa kipande cha utepe wa gundi, akamrekodi kobe juu yake.

"Nilidhani sauti hupangwa kama nguo sandukuni," alinong'ona. "Kobe juu, mdogo wangu chini. Nilidhani siku yoyote tukifukua tutamkuta."

"Mkafukua?"

"Kulikuwa na kobe tu."

"Na mama yako?"

"Alidhani imepotea. Aliitafuta mwaka mzima." Akapuliza unga wa meno. "Nilimsaidia kuitafuta."

Bibi akavaa meno yake, akayauma mara mbili, akaridhika nayo. Kisha akasema polepole, "Huyo si mdogo wako. Marehemu hana haja na sauti ya mtu. Huyo ni jini. Jina lisilotajwa ni nyumba isiyo na mwenyewe, hupanga yeyote apitaye. Amepanga kitambo, amelala humo pamoja na wewe na kobe wako, na sasa anajenga. Anajengea udongo wako. Akimaliza sauti, atafuata pumzi."

"Nimtaje mimi?"

"Haitoshi. Kufuli hufunguliwa na aliyelifunga."

Alikuja nyumbani kwa Fundi alasiri hiyohiyo. Hakuleta ngoma wala ubani. Alileta kiti chake cha kukunja, kwa sababu alisema nyumba za wagonjwa hazina viti vizuri. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa chumbani, na mama alikuwa ameshaketi pale pake, kwani sauti ile sasa haikungoja usiku. Ilikuwa ikihesabu. Moja, mbili, tatu, ikirudia pale mtoto wa miaka mitano anaporudia.

"Wewe unayehesabu," mganga alisema, "unaitwa nani?"

Hesabu ikakoma. Msomaji akajibu kwa upole, "Lala, kobe." Kisha likaja jibu la pili, na Fundi akashika koo lake, maana ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzima, kama ilivyokuwa mwezi uliopita. "Niache nilale."

"Mwenye jina hujibu," mganga akasema. "Huyu hana. Dada yangu, mtaje mwanao, huyu atoke."

Mama hakumtazama. "Nimtaje afe mara ya pili? Miaka thelathini na tatu sikuwa na chochote. Sasa nina hii."

Fundi akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake.

"Mama. Ile kanda. Ni mimi niliye..."

"Najua."

Ndege walisikika nje, na mtu akiburuta ndoo uani.

"Nilijua wiki ileile uliyoirekodi," mama alisema. "Nilipita mlangoni kwako nikamsikia kobe. Nikaingia nikaiona kanda yangu, na utepe wako. Nilikuwa na mkanda wa ngozi mkononi, mwanangu, nilikuja kukuchapa. Ukawa umelala. Siku kumi na moja baada ya mazishi hukulala, ulikuwa unakodoa macho kama samaki. Nikasimama pale nikahesabu pumzi zako mpaka kukakucha."

"Lakini uliitafuta. Mwaka mzima."

"Niliitafuta usije ukajua kwamba najua."

Fundi akafungua kinywa kusema kitu, na hapakuwa na kitu. Hata mnong'ono ulikuwa umekwisha. Akavuta pumzi, ikaingia nusu, akavuta tena, ikaingia robo, na kadiri kifua chake kilivyobana ndivyo sauti ya mtoto ilivyojaa chumba, karibu, tamu, yenye joto la mdomo, ikisema, "Mama, usinitaje, ukinitaja nitaondoka, bado kidogo tu, mama, bado kidogo nitakuwa nimetimia, utanishika mkono, utanisuka nywele, huyu mkubwa amekuwa nawe miaka yote, mimi sijapata hata mmoja," na harufu ya dawa ya kikohozi ikawa nzito hata mganga akafunika pua kwa leso, na mama, mama aliyekuwa amemwelekea yule anayezungumza, akanyoosha mikono yote miwili hewani kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mwenzake.

"Dada," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Midomo yake. Mtazame mwanao."

Mama akageuza kichwa. Akashusha mikono, akaiweka kifuani kwa binti yake mkubwa, na chini ya viganja akausikia mkoromo. Aliufahamu. Aliwahi kuusikiliza siku tisa, kijiko mkononi, hadi ulipokatika.

"Mama," mtoto akaita. "Mama, usigeuke."

Uso wa mama ukajikunja wote. Alikaa hivyo muda, mikono haibanduki, akilia bila kutoa sauti, kama anayengoja wimbo uishe asije akaukatiza.

"Unaimba vizuri," alisema hatimaye, akiielekea ile redio kwa mara ya mwisho. "Unaimba kama yeye kabisa. Mungu akulipe." Kisha akamvuta Fundi kifuani pake, akauweka mdomo karibu na sikio lake, na jina la binti yake mdogo, ambalo ulimi wake ulikuwa umelisahau uzito, akalitaja taratibu, lote, kama mama anayemwita mtoto aingie ndani.