Pumzi Chini ya Shuka

Chumbani walikuwamo Hamdani Rajabu, fundi wa injini za boti na mwenye nyumba; Bibiana Jean, mkewe; Elida Jean, dada mkubwa wa Bibiana; na Mzee Asumani Kiza, mganga aliyeletwa kutoka Ujiji na chetezo chake na shuka jeusi. Wa tano, kama alikuwamo, ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Mambo yalianza kwa kitu kidogo. Hamdani alileta nyumbani injini ya kutengeneza, akaiwasha uani. Bibiana alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Hakuanguka, hakulia, aliacha tu kupumua, midomo ikawa ya kijivu. Hamdani alipoizima injini alisikia pumzi fupi fupi, kama za mtoto, zikitoka kando ya mkewe, wala si kifuani mwake. Pakanuka turubai lililoloa.

Tangu hapo ikawa kila injini. Kule Kibirizi, alikoanika dagaa, wenzake walimtania.

"Jini lako lina akili, Bibiana. Linapanda tukianza kuanua tu!"

Naye alicheka nao, siku alizoweza.

Elida pekee ndiye aliyejua kumrudisha. Alimwekea kiganja mgongoni, akamgeuza aitazame milima, akasema polepole, "Tumeshafika, mdogo wangu. Tumeshafika." Kifua kikafunguka. Siku hizi kilifunguka upesi zaidi. Lakini Hamdani aliogopa siku itakayomkuta Elida hayupo, ndiyo maana akamwita mganga.

"Shemeji, msimfunike," Elida alinong'ona. "Tulipovuka kutoka Kongo tulilala chini ya turubai, boti ya wenye bunduki ikituzunguka. Mimi ndiye niliyemwambia asipumue. Alikuwa mdogo mno."

"Basi ndipo lilipomwingia," alisema Mzee Asumani. "Jini la ziwani huingia mtu akiwa amefunikwa, na hutoka akiwa amefunikwa. Na mtu asiseme neno mpaka niseme mimi."

Hamdani alimtazama mkewe. "Unasemaje, mama Frida?"

"Nimechoka, baba Frida. Afanye."

Wakamketisha, wakaweka chetezo miguuni pake, wakamfunika. Shuka likapanda na kushuka. Moshi wa ubani ukajaa, kisha chini ya ubani ikaja ile harufu ya turubai, na nje, upande wa ziwani, boti ikapita ikinguruma, na Hamdani, aliyeijua kila injini ya Kibirizi kwa mlio wake, hakuitambua hii, akasikia chini ya shuka pumzi mbili, moja ndefu ya mkewe aliyelala naye miaka yote ile na nyingine fupi fupi, zikienda pamoja, zikipishana, hata ile ndefu ikakatika na ile fupi ikaendelea, na shuka lilikuwa limetulia kabisa.

"Tumeshafika, mdogo wangu!" Elida alipiga kelele. "Tumeshafika!"

Sauti ya mtoto wa kike ikajibu kutoka chini ya shuka, kwa kunong'ona:

"Bado."

Hamdani akalivuta shuka.

Bibiana Jean alifariki siku hiyo hiyo, Jumanne, kabla ya saa sita mchana.