Hatua Elfu Kumi Juu ya Kigoda

Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, binti wa dobi alifunga kamba za viatu na kutoka kukimbia. Wenzake walimwita Cherehani, kwa jinsi miguu yake ilivyokwenda bila kupumzika. Jioni, akitoka shule, alimsaidia mama yake kufua mashuka ya nyumba za wageni. Ndivyo siku zake zilivyopita, hadi mjomba wake, fundi saa, alipoweka saa mbili mezani.

"Moja ni yako, mpwa wangu. Zijaribu kwanza, kisha uchague. Mwenye macho haambiwi tazama."

Ya kwanza ilikuwa saa janja. Kioo chake kiling'aa, ilipokea simu, ilipiga muziki na kuhesabu hatua. Ya pili ilikuwa saa ya wanariadha: nyeusi, nene, yenye vitufe vitano na tarakimu za kijivu. Cherehani hakuitazama mara mbili.

Zilibaki wiki tatu kabla ya mchujo. Timu ya shule ilikuwa na nafasi moja tu ya mita elfu tatu, na mwalimu wa michezo alikuwa ametoa sharti: anayeitaka akimbie chini ya dakika kumi na mbili. Mara ya mwisho Cherehani alikuwa amezidisha muda huo kwa sekunde kumi na nne.

Saa janja ilimpa raha. Kila jioni, kabla jua halijatua, ilitetema mkononi: Hongera! Umefikisha hatua elfu kumi! Siku ya tatu alijiuliza, ya nini kuamka alfajiri ilhali lengo linatimia lenyewe? Akajifunika shuka gubigubi. Siku ya nne vivyo hivyo, na ya tano.

Ijumaa mwalimu alimpima.

"Kumi na mbili, sekunde thelathini na moja. Umerudi nyuma, binti."

"Haiwezekani, Mwalimu! Kila siku nafikisha hatua elfu kumi. Tazama!"

"Labda shoga yangu anakimbia ndotoni," alidakia Pilipili, mpinzani wake, na wenzake wakaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Saa yako inasema umefanya kazi. Yangu inasema hukufanya. Nenda ukachunguze."

Jioni hiyo Cherehani alikaa kwenye kigoda, akaandika namba iliyokuwa kwenye kioo, kisha akaanza kufikicha. Alifua mashuka manane bila kunyanyuka. Alipotazama tena, hatua elfu moja na mia mbili zilikuwa zimeongezeka.

Mama yake alicheka hadi akashika kiuno. "Kumbe! Basi mimi nimeshaizunguka dunia, na kigoda changu hakijasogea!"

Cherehani aliivua saa. Saa ilikuwa imehesabu mtikisiko wa mkono; yeye ndiye aliyeuita mbio, kwa sababu kitanda kilikuwa kitamu.

Kesho yake alivaa saa nyeusi.

"Hiyo saa au kifuniko cha sufuria?" aliuliza Pilipili.

"Kifuniko. Subiri kilichomo kiive."

Saa nyeusi haikujua kupongeza. Kila alipomaliza mzunguko wa uwanja alibonyeza kitufe, nayo ikamwonyesha sekunde. Mzunguko wa kwanza themanini na tano. Wa tano, mia moja na saba. Alikuwa akianza kwa pupa na kumalizia kwa kujikokota! Alichukua kalamu akapiga hesabu: mizunguko saba na nusu kwa dakika kumi na mbili ni sekunde tisini na sita kila mzunguko. Wiki mbili nzima aliamka alfajiri kuifukuza namba hiyo moja, akijizuia mwanzoni ili abaki na pumzi mwishoni.

Siku ya mchujo Pilipili alichomoka kama mshale. Cherehani hakumfuata. Akabonyeza kitufe: tisini na sita. Tena: tisini na sita. Tena: tisini na saba, akakaza kidogo. Katika mzunguko wa tano alisikia Pilipili akihema mbele yake, akampita. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia hakutazama saa tena.

"Kaza, mwanangu! Kaza!" mama yake alipiga kelele, povu la sabuni lingali kwenye viwiko.

Cherehani alikata utepe. Mwalimu alitazama saa yake, akaitazama tena.

"Kumi na moja, hamsini na tano!"

Uwanja ulilipuka kwa vifijo. Pilipili mwenyewe alikuja kumshika mkono, akiwa hoi.

"Haya, mpwa wangu," aliuliza mjomba, aliyekuwa kando ya mama, "umechagua ipi?"

"Hii iliyonitia aibu, Mjomba."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. "Ile nyingine si mbaya, ilikujibu swali ambalo hukuuliza. Kumbukeni nyote: kipimo cha kweli ni kile kinachokuonyesha ulipopungukiwa. Kikishakuonyesha, kazi inayobaki ni yako."

Kisha akachukua karatasi ya timu na kuliandika jina la Cherehani kwa wino.