Konzi Tatu Kwenye Tumbo la Pipa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 15 Julai 2017, fundi Ignace alikutwa amekufa, amelala chali kando ya mkokoteni wake, miwani ya kuchomelea bado usoni. Ni katika uwanja wa mafundi nyuma ya Mtaa wa Jules, Malvern, Johannesburg. Pipa alilokuwa akilichomelea lilikuwa limepasuka. La pili lilibaki zima juu ya mkokoteni.

Gaudiose alifika miongoni mwa wa kwanza, akichechemea. Alikuwa ametoka lindoni alfajiri ile, akateleza kichochoroni na kuvimba goti, na hata usingizi haujamkolea akasikia kishindo. Aliwakuta zimamoto wakimwaga maji uwanja mzima, na kaka yake Alain ameketi chini.

"Labda nilisahau maji," Alain alikuwa akisema. "Mimi ndiye nimemuua."

Jamani, polisi gani ataliacha neno kama hilo lipite? Walimchukua.

Mkokoteni wenyewe ulikuwa kazi ya kujivunia: ekseli ya gari bovu, magurudumu mawili, mapipa mawili ya lita mia mbili yaliyolazwa, pampu ya mkono na mpira mrefu. Mkulima mmoja wa upande wa Delmas alichoka na matrekta yake kuishiwa dizeli katikati ya shamba, akataka mafuta yalifuate trekta. Lakini mapipa yalikuwa makuukuu, yaliwahi kubeba petroli, na pipa la petroli haliguswi na moto mpaka lijazwe maji hadi mdomoni, mvuke wote utoke. Kujaza maji ilikuwa kazi ya Alain, mshirika wa Ignace kwa miaka tisa. Kukagua ilikuwa kazi ya Ignace: kila mara alichuchumaa, akapiga konzi tatu tumboni mwa pipa, upande wa chini, ngo, ngo, ngo. Mlio mzito, akawasha moto. Ndivyo alivyofundishwa kwao Bukavu na Papa Pitchou, ambaye sasa karakana yake ilikuwa ng'ambo ya ukuta mfupi.

Jumapili, saa mbili asubuhi, pipa lililobaki liligonga lenyewe. Ngo. Ngo. Ngo.

Jumatatu likagonga tena. Mafundi wakahamisha vyombo vyao. "Ignace anakagua maji," walinong'ona, na hakuna aliyecheka. Gaudiose alijiambia ni bati tu: usiku baridi kali, asubuhi jua, chuma kinatanuka. Alijiambia hivyo mara nyingi, na nywele za shingoni zikamsimama vilevile.

Jumatatu mchana alikwenda kituoni. Mpelelezi alimwonyesha picha ya ndani ya pipa: masizi juu, chini safi.

"Maji yaliishia nusu," alisema. "Kaka yako alijaza nusu. Alhamisi anapanda mahakamani, na anataka kukiri."

Mtaani wote waliamini pipa lilikuwa tupu kabisa. Habari ya ile nusu Gaudiose hakumwambia mtu.

Alipoketi na Alain aliuliza moja kwa moja. "Kaka, ulijaza?"

"Ijumaa saa kumi na moja jioni niliweka mpira. Baada ya hapo sikumbuki, Gaudi. Mtu amekufa. Nikisema nilijaza nitakuwa nadanganya ili nijiokoe."

Alitoka na hasira, hasira ya kumpenda mtu anayejichimbia kaburi. Njiani alipita kichochoro kile cha nyuma, akasimama ghafla palepale alipoteleza. Aliteleza juu ya nini? Juu ya barafu. Tangu Mei mvua haijanyesha Johannesburg hata tone! Na barafu ile, sasa alikumbuka, ilikuwa na rangirangi za mafuta chini ya taa.

Kichochoro kilipakana na spaza, duka dogo la mtaani, la Bakiri, Mkomoro mkali aliyegombana na Ignace kila wiki kwa sababu ya makelele. Gaudiose akamwendea.

"Kaka Bakiri, Ijumaa ulimwaga maji nyuma?"

"Mimi? Nadeki saa sita mchana, maji yanakauka. Unanishuku?"

"Wewe na Ignace hamkuivana."

"Kugombana na jirani ni kusalimiana, dada. Nilimsomea dua." Akashusha sauti. "Eish, mpira wangu wa maji ndio unanikera. Papa Pitchou aliuazima Ijumaa saa moja jioni. Ameurudisha unanuka petroli."

Siku hiyohiyo Gaudiose akamwendea Célestine, mjane wa Ignace, wakazungumza mlango umefungwa.

Jumatano, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, waombolezaji walikusanyika uwanjani. Célestine, kitambaa cheusi kichwani, alimgeukia Pitchou.

"Papa, mkulima anakuja kesho. Nimalizie kazi ya mwisho ya mume wangu. Umebaki mshono mmoja kwenye pipa hili."

"Limejazwa?" aliuliza Pitchou.

"Likague mwenyewe," alisema Gaudiose.

Mzee alisogea. Hakuchuchumaa. Alinyoosha mkono juu, akagonga mgongo wa pipa, akategea sikio.

"Papa Pitchou," alisema Gaudiose, "ulimfundisha Ignace agonge wapi?"

"Tumboni."

"Na wewe miaka yote?"

"Tumboni."

"Leo umegonga mgongoni."

"Baada ya yaliyotokea, nani asingekuwa mwangalifu?"

"Kila mtu hapa anaamini pipa lililopasuka lilikuwa tupu. Tupu linalia popote. Anayeogopa tumbo ni yule anayejua kwamba lilikuwa nusu: chini zito, juu mvuke. Polisi waliniambia mimi peke yangu." Akapumua. "Uliazima mpira wa Bakiri. Ukavuta maji ya pipa kupitia juu ya ukuta hadi kichochoroni, yakaganda, nikaanguka juu yake. Ukayaacha pale tu konzi ya Ignace inapofika. Petroli ukaongeza kidogo."

"Uongo!" alipaza sauti Pitchou. "Ignace mwenyewe angekuwa hapa angesema..."

Ngo. Ngo. Ngo.

Pipa lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Gaudiose na Célestine walilijaza kwa mikono yao, na pipa lililojaa maji haligongi lenyewe kwa joto la jua. Mtoto mmoja akaanza kulia. Gaudiose mwenyewe alirudi hatua moja nyuma.

Pitchou alipiga magoti mbele ya mkokoteni. "Wacha, Ignace. Wacha, mwanangu. Nitasema." Alikuwa analia kwa kwikwi. "Nilimshikisha koleo akiwa hajui moto. Yule mkulima alipokuja, aliuliza fundi mkuu yuko wapi. Nikainuka. Akanipita! Akampa mkono mwanafunzi wangu, akataka mikokoteni sita. Mimi nikabaki nimesimama, mkono umenyooshwa, watu wanatazama."

"Kwa hiyo ukamuua," alisema Célestine. "Kwa mkono mmoja usiopewa."

Bakiri ndiye aliyefunga geti mpaka polisi walipofika.

Saa tisa alasiri Gaudiose aliketi tena na Alain, akamweleza yote.

"Kwa hiyo nilijaza."

"Ulijaza, kaka."

"Hadi mdomoni?"

"Hadi mdomoni. Ulifanya kazi yako."

Alain aliitazama mikono yake. Siku nne alikuwa muuaji, na muuaji hana haki ya kulia msiba. Sasa aliinamisha kichwa juu ya meza, akamlilia rafiki yake kwa sauti, na polisi aliyekuwa mlangoni akawaacha hapo kwa muda.