Kamba Isiyo na Mnyama

Jioni ile mbuzi hawakutafuna. Godelive alimwaga majani ya viazi chini kama kila siku, akagonga ndoo kama kila siku, na mbuzi wote wakabaki wamesimama, shingo zimenyooka, wanatazama upande mmoja. Akageuka kuona mbwa, na mbwa pia. Ndama pia. Hata kuku, ambao hawana adabu ya kutazama kitu kimoja muda mrefu, walikuwa wameelekeza macho kule kule, kwenye zizi jipya, ambako hakukuwa na kitu ila nguzo, na kwenye nguzo kamba.

"Munaangalia nini?" akawauliza, akacheka kidogo, akamrekebisha mwanawe Orly mgongoni. "Ni kamba. Hamujaona kamba?"

Orly hakucheka. Alikuwa amegeuza kichwa naye, anatazama kule.

Mahali pale watu wa mtaa wa Nyakasanza wanapaita Kimbilio. Mume wake Serge, mganga wa wanyama, alianza na mbwa mmoja aliyevunjika mguu, yule Kapita, ambaye mpaka leo analala juu ya miguu ya Godelive kama vile amelipia nafasi. Kisha watu wa Djugu wakaanza kukimbia vita na kuingia mjini na vile walivyoweza kuvuta kwa mkono, na kwenye kambi ya wakimbizi hapakuwa na nafasi ya mbuzi, basi wakamletea Serge, tuwekee, tukirudi tutachukua. Wengine walirudi, wengine hawakurudi, na mbuzi hawaachi kuzaa kwa sababu ya vita. Ua ukajaa. Ndipo mtaa wenyewe ukasema tupanue, na siku ya salongo, kazi ya mtaa mzima, badala ya kufyeka majani barabarani, kila mtu akaja na chake: matofali, mabati ya zamani, misumari iliyonyooshwa kwa jiwe. Asiye na kitu alileta mikono. Kuna mzee alileta mlango, hakusema ulitoka nyumba gani, wala hakuulizwa, maana siku ya kutoa mtu haulizwi.

Anastasie alileta kamba.

Huyu Anastasie hakuwa mgeni. Alifika kutoka upande wa Iga Barrière na binti yake Espérance, ndiye mtoto aliyembakia, na Godelive akawapa chumba cha nyuma, wakala sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani moja, wakasukana nywele. Orly alipozaliwa ni Anastasie aliyemshika kanisani, ndiye mareni wake, mama yake wa ubatizo. Ndiyo sababu siku ile, alipopita katikati ya watu na kamba imekunjwa juu ya kitambaa viganjani, macho yamejaa maji, Godelive naye alilia kabla hajasikia neno.

"Ni ya ng'ombe yangu, Mama Orly," alisema. "Yote ilipotea. Ilibakia kamba tu. Muitumie."

Wafugaji wa huku, mtu akikuachia ng'ombe umtunzie, anakupa kamba mkononi, na akikupa kamba anakutajia jina la mnyama na kitu anachokiogopa. Wewe unapokea kwa mikono miwili, unajibu: nimeshika. Hapo mnyama ni wako kumlinda. Kimbilio pia walifanya hivyo kwa kila mbuzi aliyeletwa. Lakini hapa hapakuwa na mnyama, basi nani angeuliza jina? Godelive alipokea kwa mikono miwili. "Nimeshika," alisema, kwa heshima tu, ili rafiki yake asijione ametoa kitu kidogo. Na Orly mgongoni akanyoosha kamkono kake juu ya bega la mama yake, akaikamata kamba naye, na watu wakacheka, wakapiga makofi. Anastasie peke yake hakucheka. Alitazama kale kamkono, kisha akatazama chini.

Siku ile ile akahama chumba cha nyuma. Alisema amepata pahali kwa ndugu, karibu na soko.

Baada ya ile jioni ya mbuzi, Godelive akaanza kuona mambo. Udongo kuzunguka nguzo ulikuwa umekanyagwa duara, laini kama unga, hakuna alama ya kwato wala ya mguu, duara tu. Harufu ilikuja na mvua: ngozi iliyolowa, na maziwa yaliyoungua chini ya sufuria. Akanusa jikoni, sufuria safi. Na kila jua likianza kushuka, kamba ambayo mchana ilining'inia tu, ilinyooka. Haikupeperuka. Ilinyooka kwa nguvu, ncha yake hewani, kama kuna kitu kikubwa kimesimama kule mwisho kinavuta ili kiende.

"Ni upepo," Serge alisema.

"Upepo gani unavuta upande moja, Baba Orly?"

"Unachoka, mama. Umunyonyeshe mutoto, ulale."

Akanyonyesha. Orly alinyonya kidogo akaacha, kama alivyoacha jana. Asubuhi mbuzi mmoja alikuwa amekufa karibu na zizi jipya, na shingoni alikuwa na mchubuko wa kamba, yule mbuzi ambaye tangu aletwe hakuwahi kufungwa. Serge alimpasua atafute ugonjwa, hakuona ugonjwa. Aliona kwamba ndani mlikuwa mkavu, kama nyama iliyoanikwa.

Kisha Godelive akamwogesha mtoto, na kwenye kifundo cha mguu wa kushoto akaona mstari mwekundu, umezunguka, umesokotwa kama kamba inavyosokotwa, akasugua kwa sabuni hautoki, akasugua kwa mafuta hautoki, na tangu hapo kila jua likishuka Orly aliyekuwa bado hajajua kutambaa vizuri alianza kutambaa, halii, hacheki, macho yamefunguka, anatambaa kuelekea mlango na mguu wa kushoto umetangulia kwa namna ambayo mtoto hawezi kutambaa, mguu mbele na mwili nyuma, kama anayeburutwa, na Godelive akimshika kifuani alisikia, kwa mikono yake mwenyewe alisikia, uzito wa kitu kingine kinachomvuta mwanawe polepole bila hasira, kama mchungaji anavyovuta ndama aliye wake.

Alimwita Mama Abigaël. Huyu asubuhi anauza samaki, mchana anaombea watu, na wengine wanasema kabla ya kuokoka alikuwa na mizizi ya bibi yake, na kwamba mizizi hakuitupa yote. Mama Abigaël hakuingia zizini. Alisimama mlangoni, pindo la kikwembe alichojifunga amelikaza puani.

"Hii kamba ilikuja na munyama gani?"

"Ilikuja tupu, mama."

"Hakuna kamba tupu." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikika kule kwenye nguzo. "Ni pepo iko pale. Ile ya kufugwa. Imezoea kuwa na mwenyewe."

"Tuichome?"

"Ukichoma kamba umefungua munyama, haujamuua. Na mutoto yako iko amefungiwa naye." Akamtazama Orly, akageuza macho haraka. "Mimi nitaomba, lakini sijui kile kinaitoa. Uende kwa ule mwenye alikupa. Yeye njo anajua."

"Alikuwa hajui, mama. Ni mareni ya mutoto."

Mama Abigaël alimpapasa mkono tu, kama unavyompapasa mfiwa.

Godelive alikwenda sokoni mchana kweupe, Orly mgongoni mwepesi kama nguo. Cha kwanza alichoona ni Espérance. Yule Espérance ambaye nyumbani kwa Godelive alikuwa hawezi kuinua hata kikombe, anakohoa ukutani, mguu umefungwa kitambaa ambacho mama yake hakukifungua mbele ya watu, sasa alikuwa anaruka na watoto wa wauza dagaa, mashavu yanang'aa, na mguu wazi. Kwenye kifundo kulikuwa na kovu jeupe, limesokotwa.

Godelive akajua. Alisimama pale katikati ya watu wanaomsukuma, akajua, na bado miguu ilimpeleka mpaka kwenye meza ya sombe, kwa sababu moyo ulitaka kuambiwa hapana.

"Mama Orly," Anastasie alisema. "Umeamukaje?"

"Sikulala. Ile kamba ilikuja na munyama gani?"

Anastasie aliendelea kufunga mafungu.

"Usiseme kwa nguvu, batu banasikia."

"Nitasema kidogo. Weye useme yote."

"Tulikimbia, tukarudi kutafuta ng'ombe. Tukakuta kamba kwenye muti, imevutika, na mwisho hakuna kitu. Baba Espérance akaifungua kwa mikono mbili, alizani ng'ombe iko karibu." Akafunga fungu jingine. "Ikachukua mutoto wa kwanza. Ikachukua wa pili. Baba yao akafuata kwa huzuni. Ilipofika kwa mguu ya Espérance nikaenda kwa mufumu wa dawa. Aliniambia, uipeleke pahali batu mingi banatoa. Pale hakuna mwenye atauliza."

"Na weye ukaleta kwangu."

"Kwako njo kulikuwa siku ya kutoa."

"Orly ulimubeba kwenye maji ya ubatizo."

"Ndiyo," Anastasie alisema. "Na Espérance nilimubeba kwenye tumbo."

Muuza chumvi wa meza ya jirani aliwatania, nyinyi mama mnagombania mume gani tena, na wote wawili wakacheka kwa midomo mpaka akageuka.

"Inatoka namna gani?"

"Haitoke. Inabadilisha mukono. Mwenye anaishika bila kujua, inachukua mutoto wake. Mwenye anaishika anajua, inamwachia mutoto, inabakia kwake. Ni vile mufumu alisema."

Godelive akamkaza Orly mgongoni. "Basi ulikuwa unaweza kuishika weye. Espérance angepona, na Orly haingemugusa."

Anastasie hakuinua macho.

"Niliogopa," alisema. "Mara mingi nilifika na mukono karibu. Niliogopa, yaya."

Yaya. Dada mkubwa. Hajawahi kumwita hivyo siku zote walizokula pamoja. Amengoja mpaka leo. Godelive alitafuta tusi, akalikosa, akatafuta machozi, akayakosa. Alirudi nyumbani.

Jua lilikuwa linashuka, kamba imeshanyooka, na mlangoni mwa Kimbilio alisimama Ornella, jirani wa upande wa pili, kitoto chake Merveille mgongoni kinanyonya kidole.

"Mama Orly, nilikuwa nakungojea. Mbuzi yangu imekata kamba tena, ile mwizi. Naona ile kule haina kazi. Unipatie, nitarudisha." Na kabla hajajibiwa alishanyoosha mikono, yote miwili, kwa adabu, vile mtu wa huku anavyopokea.

Orly mgongoni alikuwa ameacha kutikisika. Godelive aliisikia pumzi yake shingoni, fupi, baridi, halafu hakuisikia, halafu akaisikia tena. Ornella alikuwa anatabasamu. Ingekuwa rahisi hivyo. Ilikuwa rahisi hivyo kwa Anastasie pia, kumbe, mbele ya macho yanayotabasamu.

"Ile imeoza," Godelive alisema. "Uende nyumbani, Mama Merveille. Nenda sasa, mutoto asilowe umande."

Ornella akaenda amenuna kidogo. Godelive akamfungua Orly, akamlaza juu ya kikwembe mlangoni, akaingia zizini. Wanyama wote wakanyamaza, mbwa wakalala chini na masikio nyuma, na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ikamjaa mdomoni, na akatembea juu ya lile duara laini akihisi pembeni yake kitu kinachopumua juu ya kichwa chake, kirefu kuliko ng'ombe, chenye subira, na akaomba kwa Kifaransa cha shule na kwa Kiswahili na kwa lugha ya bibi yake ambayo alidhani ameisahau, na mikono ilikataa, mara ya kwanza ilikataa, akamwelewa Anastasie kwa muda wa pumzi moja na hakumsamehe, kisha akaishika kamba kwa mikono yote miwili.

"Nimeshika," alisema. "Na ninajua."

Kamba ikalegea. Ikaanguka chini kama kamba yoyote.

Mlangoni Orly alilia. Alilia kwa hasira, kwa koo pana, kilio cha mtoto mwenye njaa ambacho hakijasikika kwenye ua ule tangu siku ya salongo, na Serge akatoka nyumbani anakimbia, anacheka, anasema umesikia, umesikia anavyodai.

Siku ya kufungua zizi mtaa mzima ulikuja. Kwaya iliimba. Ile kamba Serge alikuwa amemfungia ndama, na ndama alikuwa anatafuna bila wasiwasi. "Nilikuambia ilikuwa upepo," alimnong'oneza mke wake, Orly mnene mkononi mwake. Anastasie alisimama mstari wa mbele, amevaa kikwembe kipya, anapiga makofi. Macho yake yalitafuta mikono ya Godelive, yakaona mikono mirefu ya blauzi imefungwa vifungo mpaka viganjani kwenye joto lile, na yakakimbia.

Watu walipomaliza kula na kuondoka, Godelive alichukua ndoo, akamwaga majani, akagonga kama kila siku.

Mbuzi hawakutafuna. Waliinua shingo mmoja mmoja. Mbwa pia, na ndama, na kuku. Akasogea kushoto, macho yakasogea kushoto. Akamwita Kapita, yule wa miguuni. Kapita alichechemea hatua kidogo akaja, kwa mazoea ya upendo, akasimama, nywele za mgongo zimesimama. Hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama nyuma yake, juu.

Godelive akaweka ndoo chini polepole. Chini ya blauzi, kwenye kifundo cha mkono, kitu kikavuta.