Kiti cha Mwisho cha Semina

Mwenye kuniita mmbea na aniite, lakini haya yalimpata mjukuu wa shoga yangu mshonaji, binti asiyejua hata kudanganya umri wake.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa semina za mwaka wa kwanza chuoni. Asiyepata semina hupoteza nafasi yake chuoni, na huyu angerudi nyumbani kukunja nguo na bibi. Tangu asubuhi binti alirushwa kama mpira, dirisha hili mpaka lile, na kila alipofika karani alikuwa amekwenda kunywa chai. Mwishowe akampata mmoja.

"Dada, unanichezea?" karani akafoka. "Si nimekuandikisha sasa hivi? Umechukua kiti cha mwisho, ukaenda darasani."

"Mimi? Kaka, ndiyo kwanza nafika hapa!"

"Basi una pacha. Nenda ukagombane naye huko chini. Anayefuata!"

Binti akateremka ngazi akisonya. Umeme ulikuwa umekatika, na korido ya chini haina dirisha hata moja. Akapapasa ukuta, akiifuata sauti ya mwalimu aliyekuwa akiita majina. Akafika kwenye mlango ulioegeshwa tu, akainua ngumi agonge kwa hasira zake zote. Hapo mwalimu akaliita jina lake, lote, mpaka la babu.

"Nipo, mwalimu," ikajibu sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila hii ilikuwa imetulia. Kisha ikasema taratibu, "Tufunge mlango, tafadhali. Kuna mtu hapo nje, hataki kuondoka."