Draiva Mpya kwa Kadi ya Zamani

Kila kitu kiliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika naijua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa juu ya kompyuta ya binti yangu, na niliitazama kabla ya kubonyeza.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sishoni, natengeneza. Shule niliachia darasa la nne. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye meza mbili, dirisha moja na makopo ya skrubu. Marehemu mke wangu alikuwa akikaa pale dirishani, akipanga sindano kwa namba zake. Alipokuwa akikaa yeye, ndipo ilipowekwa kompyuta ya binti yetu.

Binti yetu anafanya kazi maabara, kwenye kituo cha afya. Anatazama slaidi, yaani vile vioo vidogo vinavyopakwa makohozi ya wagonjwa. Anatafuta wadudu wa kifua kikuu. Slaidi ni nyingi, macho ni mawili. Kwa hiyo zinapangwa kwenye trei, zinasubiri zamu.

Slaidi ya mama yake, kituoni hapo hapo, ilisubiri siku kumi na tisa. Wakati huo binti alikuwa bado chuoni. Ilipotazamwa, wadudu walionekana. Lakini mwenyewe tulikuwa tumeshamzika siku tano kabla.

Ndiyo maana binti akatengeneza ile programu. Ni programu inayojifunza. Alinieleza hivi: unaionyesha kompyuta maelfu ya picha za slaidi. Hii ina wadudu, hii haina. Unairudia kazi hiyo mpaka ianze kutambua yenyewe. Haitibu mtu, wala haisemi neno la mwisho. Inasema tu, tazameni hii kwanza.

Wakubwa wa kituo walisifu, kisha wakasema maabara hakuna nafasi. Chumba kizima wamekijaza viti vilivyovunjika, lakini nafasi hakuna. Kompyuta yenyewe ilikuwa imetupwa na chuo, binti akaiomba. Ikaletwa kwangu.

Baadaye ikaja barua. Alhamisi saa tatu asubuhi wakubwa watakuja. Wataleta picha za slaidi arobaini, zenye namba bila majina. Programu ikizipanga vizuri, itapewa meza maabara. Ikishindwa, kompyuta itarudishwa stoo na jambo liishe. Wakubwa hupenda sana jambo liishe.

Sasa turudi Jumanne. Binti alikuwa kazini. Nilikuwa nafuta vumbi, nikaona maneno kwenye kioo cha kompyuta: "Draiva mpya ya kadi ya michoro ipo. Weka sasa?"

Nina desturi moja. Mteja akiacha cherehani kwangu, nikakuta sindano imechakaa, nafunga mpya bila kumuuliza. Akirudi anakuta imeshafungwa, anafurahi. Miaka thelathini nimefanya hivyo. Nikasema moyoni, mwanangu amechoka, ngoja nimsaidie.

Nikabonyeza Ndiyo.

Kioo kikawa cheusi. Kikarudi. Herufi zikawa kubwa, nene, kama za tangazo la msiba. Nikaketi mbali na ile meza, nikashika cherehani ya mtu.

Saa saba mchana binti akaja.

"Baba, mbona kioo kiko hivi?"

"Kiko vipi?"

Alifungua programu, akaipa slaidi moja ya majaribio. Juzi slaidi moja ilichukua dakika mbili. Nilihesabu kwa saa ile ya ukutani. Safari hii zilipita dakika hamsini.

"Inasema haioni kadi," alisema. "Inatumia kichwa cha kompyuta peke yake. Baba, kuna kitu umegusa?"

"Mimi? Nimefuta vumbi tu."

"Una hakika?"

"Ni umeme wao huu, mama. Unakatika, unarudi kwa kishindo. Wakubwa wa umeme wanajali nini?"

Akapiga hesabu kwenye kiganja. Slaidi arobaini, dakika hamsini kila moja. Hata wakubwa wangelala pale siku nzima, zisingeisha. Akasema labda programu imezeeka, akapakua toleo jipya kabisa akaliweka. Baada ya hapo haikufunguka hata kidogo.

Usiku ule hakula. Mimi nilikula peke yangu.

Jumatano asubuhi akaomba ruhusa kazini, akamwita jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Ni mama anayetengeneza kompyuta na kuchapa barua za watu. Tunamwita Bi Taratibu. Nyumba ikiungua, yeye ataanza kwa kutafuta viatu.

Aliingia saa nne, akavuta kiti, akavaa miwani.

"Shangazi, kesho saa tatu wanakuja," binti alisema. "Nipakue draiva nyingine? Au nifute kila kitu nianze upya?"

"Usipakue kitu. Usifute kitu. Ukipotea njia, husaidiwi na mbio. Kwanza niambie, nini kilibadilika?"

"Jana mchana nilisasisha programu. Lakini kadi ilikuwa imeshapotea kabla."

Bi Taratibu akafungua ukurasa mmoja, mwingine, akasoma kwa kidole.

"Draiva ilibadilishwa jana, saa nne na dakika kumi," alisema. "Na kompyuta hii huuliza kwanza. Kuna mtu amekubali."

Hakunitazama. Binti ndiye aliyenitazama. Nilisikia saa ya ukutani.

"Ni mimi," nilisema. "Nilibonyeza Ndiyo. Nilidhani ni kama sindano."

"Nilikuuliza, baba."

"Uliniuliza."

"Ukasema vumbi."

"Nilisema uongo."

Binti akasema polepole, "Hata kuhusu slaidi ya mama, kituoni walituambia hivyo hivyo. Hakuna aliyegusa."

Matusi yote niliyowahi kuwapa wakubwa yalinirudia mwenyewe.

Bi Taratibu akakohoa. "Haya. Maiti ya kosa imeshapatikana, tuzike tuendelee. Jirani, njoo hapa, nikuulize jambo la fani yako. Mteja akikuletea cherehani ya mkono ya zamani, utamfungia sindano ndefu ya cherehani ya kiwandani?"

"Thubutu. Itagonga chini ivunjike."

"Hata kama ni mpya?"

"Mpya si hoja. Hoja ni iingie."

"Umejifundisha mwenyewe. Sasa sikiliza." Akafungua ubavu wa kompyuta, akanionyesha ubao mrefu wenye feni mbili. "Hii ndiyo kadi ya michoro. Ilitengenezwa kwa ajili ya picha, lakini ina mikono mingi. Inapiga hesabu elfu kwa mpigo, ndiyo maana programu inayojifunza inaitaka. Draiva ni programu ndogo inayoifanya kompyuta na kadi zielewane. Kadi bila draiva yake ni ubao tu."

"Na hii mpya?"

"Hii mpya haiijui kadi ya zamani. Watengenezaji huacha kadi kongwe njiani."

"Wakubwa," nilisema.

"Wakubwa," alikubali. "Lakini huandika. Tatizo ni kwamba hatusomi."

Akamwambia binti asome jina la kadi kwenye kibandiko, herufi kwa herufi, namba kwa namba. Binti akaliandika. Kisha wakafungua tovuti ya waliotengeneza kadi. Bi Taratibu alisisitiza, tovuti ya wenyewe, si ya mpita njia anayegawa mafaili. Kila draiva ilikuwa na orodha ya kadi inazozikubali. Kwenye orodha ya draiva niliyoiweka mimi, kadi yetu haikuwemo. Wakarudi nyuma, toleo moja baada ya jingine, mpaka wakaipata ya mwisho yenye jina la kadi yetu.

"Hiyo ndiyo yetu," binti akasema, akataka kubonyeza.

"Ngoja. Bado programu yako. Nayo ina masharti yake."

Wakafungua ukurasa wa programu. Palikuwa na jedwali. Toleo jipya aliloliweka binti lilitaka draiva mpya zaidi, na kadi kama yetu lilishaiacha. Toleo la nyuma, alilokuwa nalo mwanzo, liliikubali kadi yetu na ile draiva ya zamani.

"Mwanangu," Bi Taratibu alisema, "jana mlibadilisha vitu viwili. Mzee kimoja, wewe kimoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hujui kipi kimekuuma. Siku zote badilisha kimoja, jaribu, ndipo uende cha pili."

Kabla ya kugusa chochote walinakili picha zote na ile akili iliyokwisha kujifunza kwenye diski ya pembeni. Miezi minane ya kazi ya binti ilikuwa humo. Wakapakua draiva ya zamani. Wakaondoa mpya. Wakaizima kompyuta, wakaiwasha.

Herufi zilikuwa bado kubwa.

Binti akaangalia. Draiva mpya ilikuwa imerudi.

"Nimeiondoa, shangazi. Nimeiondoa kwa mkono wangu."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Bi Taratibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilitamani kumtikisa.

"Inajiletea yenyewe," alisema. "Iliona haina draiva, ikaenda mtandaoni ikachukua mpya. Jirani, chomoa ule waya wa intaneti."

"Mimi?"

"Wewe. Leo una ruhusa ya kugusa."

Nilichomoa. Nikabaki nimeushika kama mtu aliyekamata nyoka shingoni. Wakaondoa draiva tena, safari hii pamoja na mabaki yake yote. Wakazima, wakawasha. Wakaweka draiva ya zamani. Wakazima, wakawasha.

Herufi zikarudi ndogo.

Binti akaandika amri fupi ya kuuliza kadi. Likatokea jina lake, sawasawa na la kwenye kibandiko, na namba ya draiva chini yake. Alinishika bega tu, akaliachia.

Bi Taratibu akaagiza kazi moja ya mwisho kabla ya kurudisha waya: kuizuia draiva isibadilishwe tena bila idhini. "Draiva tu," alisema. "Masasisho ya usalama yaacheni yaingie. Mtu hafungi mlango wa mbele na wa nyuma kisha akaziba na dirisha." Waya ukarudi, wakaliweka lile toleo la nyuma la programu. Wakaipa slaidi moja ya majaribio. Nikatazama saa. Dakika mbili.

"Sasa andikeni," Bi Taratibu alisema. Binti akaandika kwenye karatasi jina la kadi, namba ya draiva, toleo la programu na tarehe. Akaibandika ubavuni mwa kompyuta. Mimi nikachukua kalamu, nikaongeza chini yake kwa mwandiko wangu mbaya: ULIZA KABLA YA KUBONYEZA.

"Hiyo ya mwisho ni sheria ya wote?" binti akauliza.

"Ni yangu. Atakayetaka aazime."

Alhamisi saa tatu wakaja watatu. Mkuu wa kituo alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama makopo yangu ya skrubu kama mtu aliyekosea nyumba. Binti akapokea picha. Programu ikaanza. Mkuu akatazama saa yake mara nne. Mimi niliitazama ya ukutani.

Baada ya saa moja na dakika ishirini, slaidi arobaini zikaisha. Programu ilisema sita zitazamwe kwanza. Binti akamtumia namba zake mwenzake kule maabara, naye akazitazama kwa hadubini, akapiga simu. Tano zilikuwa na wadudu. Ya sita ilikuwa na doa la rangi tu. Binti hakulificha lile doa. Alisema, "Ndiyo maana mtu lazima atazame mwisho."

Moja ya zile tano ilikuwa imekaa kwenye trei siku kumi na moja. Mgonjwa wake alipigiwa simu pale pale, kutoka kwenye karakana yangu.

Mkuu akatia saini kibali. Meza maabara ikapatikana siku hiyo hiyo. Vile viti vilivyovunjika vilihamishwa kwa nusu saa. Huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile, na hakuna slaidi inayolala kwenye trei zaidi ya siku mbili. Kompyuta iko kule na karatasi yake ubavuni. Kila mwezi binti huangalia kama watengenezaji wametoa jambo jipya la kadi yetu. Anasoma kwanza.

Lakini Alhamisi ile, kabla hawajatoka, nilisimama mlangoni.

"Mheshimiwa," nilimwambia mkuu, "juzi kompyuta hii ilikufa. Aliyeiua ni mimi. Nilibonyeza nisichokijua, kisha nikasema sikugusa. Nimekiri mbele ya mwanangu, na nakiri mbele yako."

"Umefanya vizuri, mzee," alisema, akitafuta pa kupita.

"Basi na mimi nina swali. Slaidi ya mke wangu ilikaa kwenye trei yenu siku kumi na tisa. Mliniambia hakuna aliyegusa. Nani alipaswa kugusa?"

Aliitazama saa yake. Kisha akamtazama mwenzake, na mwenzake akaitazama sakafu.