Haki ya Kusikilizwa

Winnie aliamka miguu imelowa. Shuka lilikuwa kavu, sakafu kavu, na mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo. Katikati ya vidole vya mtoto mlikuwa na tope la kijivu, laini, lile la kufinyangia vyungu.

"Ulitoka nje?" mama yake, Marita, alimuuliza.

"Sikutoka. Bibi alinipeleka."

"Bibi gani?"

"Wa chini."

Marita alicheka, akamfuta miguu kwa kanga. Watoto wa miaka minne husema mengi. Yeye alikuwa mhadhiri kijana wa sheria kutoka Dar es Salaam. Kituo kimoja kidogo cha utafiti wa sheria pale Kyela, ambacho kila mwaka hualika wasomi chipukizi, kilimchagua akae miezi sita kama mtafiti mgeni, na kikampa meza, posho na nyumba upande wa Itungi. Alikuwa anaandika kuhusu familia za wavuvi zinazoondolewa ufukweni bila kuulizwa neno. Asifukuzwe mtu kabla ya kusikilizwa: hiyo ndiyo ilikuwa dini yake. Hata Winnie akivunja kikombe, alipewa nafasi ya kujitetea kwanza, ndipo achapwe. Wenzake walimtania sana kwa hilo.

Baadaye ikaja harufu. Kwanza udongo mbichi, halafu moshi wa nyasi, kana kwamba mtu anachoma vyungu chumbani. Kisha chini ya sakafu pakaanza kupigwapigwa kwa kiganja, taratibu, bila kuchoka. Winnie akapoa mwili. Hospitalini walimpima wakasema hana malaria wala chochote, na bado aliendelea kukonda, akikataa chakula, akizungumza na ukuta kwa Kinyakyusa ambacho hakuna aliyemfundisha. Marita aliogopa, usomi wote ukamtoka.

Akamweleza Mama Tuntufye, mtunzaji wa nyumba ile.

"Mwanangu, walipochimba msingi hapa walikuta shimo la udongo. Wafinyanzi walilikimbia zamani. Lina mwenyewe."

"Mbona hamkuniambia, mama?"

"Nyie wasomi tukiwaambia mnacheka."

Jumapili baada ya ibada alimleta Mchungaji Andrew. Mchungaji alivua koti, akamtazama Winnie aliyelala kitandani, akashusha sauti.

"Mimi sibishani na pepo hili. Nalitoa tu. Litasema mengi, litalia, litaomba. Asilijibu mtu. Umenisikia, Mama Winnie?"

"Nimesikia, mchungaji."

Akaanza kuomba. Vile viganja vya chini vikaongeza kasi, moshi usioonekana ukawapalia, Mama Tuntufye akashika ukingo wa kitanda, na kinywa cha mtoto kikafunguka polepole kikatoa sauti ya mwanamke mzee, sauti iliyokauka, isiyo na hasira hata kidogo, ikasema kwamba ilikaa hapa kabla ya matofali, kwamba watu walikuja wakachimba, wakajenga, wakasali juu ya kichwa chake na kumwita mchafu, na tangu siku ile mpaka leo hakuna hata mmoja aliyemuuliza anasemaje.

Marita aliyajua maneno yale. Ndiyo yale yale aliyoambiwa na wavuvi.

"Mchungaji, kidogo tu," alinong'ona. "Liseme."

"Nimekwambia nini?"

"Tunalifukuza hatujalisikiliza."

Mchungaji alimwashiria anyamaze, lakini Marita alikwisha kuinama karibu na uso wa mwanawe.

"Unataka nini?"

"Mahali pa kukaa."

"Si kwa mwanangu."

"Wapi, basi?"

"Popote," Marita akasema huku machozi yakimtiririka. "Kaa popote, mwache mtoto wangu."

"Umesema wewe."

Viganja vikanyamaza. Harufu ikakatika. Rangi ilimrudia Winnie mashavuni, akapiga chafya, akafumbua macho, akasema ana njaa, anataka wali. Mama Tuntufye alilia kwa furaha. "Ndaga, Kyala," alirudiarudia, akimshukuru Mungu kwa lugha yake, "ndaga fijo."

Mchungaji hakushukuru. Alikuwa anamwangalia Marita, aliyebaki ameinama pale pale, kichwa chini, mikono magotini. Alimwita mara mbili. Mwishowe Marita aliinuka, akajinyoosha mgongo kama mtu aliyetoka safari ya mbali, akatabasamu. Akafungua mikono.

"Njoo kwa mama," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nzuri, ya upole.

Winnie alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akateremka kitandani kwa upande wa pili, akakimbilia kwa mchungaji, akamng'ang'ania suruali.

"Mama yangu ameenda wapi?" akauliza.